Mke wa Fundi Baiskeli

Mikono ya Mwamvua ilinuka solushini, gundi ya viraka, siku zote, hata siku ya Idi. Alizaliwa Ujiji, akaolewa na Omary, fundi baiskeli, akaletwa Kasulu wakati mji wenyewe ulikuwa barabara ya vumbi jekundu, soko, msikiti na maduka ya mabati yasiyojaza mtaa. Omary aliweka benchi lake barazani, mbele ya macho ya watu: pampu, spana, karai la maji, na nyaya za breki zikining'inia msumarini. Mwamvua alikaa uani. Tyubu zilizotoboka zilipitishwa kwake mlangoni, naye akazikwangua, akazipaka, akazibandika viraka, kisha akazirudisha mbele.

"Viraka vyako havibanduki, fundi," wateja walimwambia Omary, naye alipokea sifa bila kugeuza kichwa kutazama mlangoni.

Kazi haikuwa haba. Operesheni Vijiji ilikuwa imekwisha kuhamisha watu, na wengi walijikuta nyumba iko kijiji kipya, shamba la kahawa au la migomba limebaki kule kule mlimani. Aliyeweza alitafuta baiskeli. Lakini njia hazikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya magurudumu. Zilikuwa vijia vya miguu, vimekatwa na mifereji, vinapanda mlima moja kwa moja kana kwamba aliyevichora alikuwa mbuzi. Watu walisukuma baiskeli, walizibeba begani, wakazileta kwa Omary zimepinda rimu.

Mwanamke, yeye, alipanda keria. Alikaa upande, miguu pamoja, mkono mmoja kiunoni kwa mumewe, mwingine umeshika kanga. Mwamvua alipandishwa hivyo mara chache, siku za harusi na za msiba, na kila mara aliona mgongo wa Omary zaidi kuliko alivyoona njia.

Ndipo Mwalimu Veronica akaja.

Alitoka Upareni, akapangiwa shule ya kijiji kipya upande wa Nyakitonto, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka mjini. Jumamosi ya kwanza watu walimwona akiteremka barabara ya sokoni juu ya baiskeli ya kike, mgongo umenyooka, kikapu mbele, gauni la maua limebanwa kwa pini pembeni ya goti. Watoto walimkimbilia nyuma. Muuza ndizi mmoja alisimama akamwita mama yake kwa Kiha, "Mawe!" akasahau mteja wake. Mwalimu alipiga kengele mara mbili, akashuka mbele ya baraza la Omary bila kuyumba.

Omary aliweka spana chini. Mwamvua aliliona hilo kutoka mlangoni. Katika miaka yote aliyoishi naye, alikuwa hajawahi kumwona mumewe akiweka spana chini kwa ajili ya mtu. Aliongea na watu huku anafunga nati.

"Fundi, gauni langu linanaswa na njiti za gurudumu la nyuma," alisema Mwalimu. "Juzi kidogo nianguke mbele ya wanafunzi."

"Hilo dogo," alisema Omary. "Niachie."

Alilifanya kuwa kubwa. Alitafuta uzi mgumu wa kushonea magunia, akatoboa madigadi kwa msumari wa moto, akasuka wavu pande zote mbili za gurudumu la nyuma, fundo kwa fundo, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Mwamvua alimletea uji, akamkuta bado anasuka. Akamletea chakula cha mchana, uji haujanywewa.

"Unafunga nini kwenye baiskeli ya yule?"

"Wavu. Gauni lisinaswe."

"Na mimi ninapopanda keria, kanga zangu hazinaswi?"

Omary akacheka kidogo. "Wewe unakaa upande, Mama Siti."

Siti alikuwa binti yao, mdogo bado. Mwamvua alirudi uani, akabandika kiraka kibaya makusudi, halafu akakibandua akakiweka upya, kwa sababu mikono yake haikuweza kuacha kazi mbaya.

Tangu hapo alianza kuijua kengele ile. Ilikuwa na mlio mwembamba, tofauti na kengele za wanaume zilizojaa kutu. Jumamosi ikifika, hata awe kisimani, sikio lake lilielekea barabarani. Akiisikia, aliacha alilokuwa akifanya. Asipoisikia, alijiuliza imepita wapi.

Kijijini kwa Mwalimu walikuwa wameanza kazi ya kujitolea. Barabara ya magari ilizunguka mbali sana; njia ya mkato ilipita katikati ya bonde la matete, na mvua zikinyesha mtu alizama mpaka magotini. Mwalimu ndiye aliyewaambia kwenye mkutano: kwa nini tusichimbe njia pembeni mwa mlima, juu ya matete, isiyopanda sana wala kushuka sana, ambayo baiskeli inaweza kupita kiangazi na masika? Mzee Ntirampeba, aliyekuwa akiishi mlimani kabla ya kuhamishwa na aliyejua maji yanapita wapi, alikubali kuisimamia. Wakagawana vipande, kila kaya na kipande chake. Kwenye kijito wangelaza magogo.

Omary hakuwa mtu wa kijiji kile. Hakuna aliyempa kipande. Lakini Jumamosi moja alifunga kazi mapema, akachukua jembe.

"Unakwenda wapi na jembe, wewe usiye na hata shamba la bamia?"

"Njia ikiwa nzuri, baiskeli zitaongezeka. Baiskeli zikiongezeka, kazi inaongezeka."

Yalikuwa maneno ya maana, na hilo ndilo lililomuudhi Mwamvua. Mume aliyejiandaa hivyo kwa jibu, alifikiri, amelifikiria swali kabla halijaulizwa. Jioni Omary alirudi na matope mpaka mapajani, anapiga mluzi. Wimbo ule Mwamvua hakuujua. Alipouliza ni wa wapi, Omary alisema, "Wa Upareni," akaendelea kunawa miguu.

Mwamvua hakulia wala hakugomba. Alikwenda kwa wifi yake, Asia, dada wa Omary, aliyeishi nyumba ya pili.

"Nataka kujifunza baiskeli," alisema.

"Ya nini?"

"Nikamwone anachofanya huko. Kwa miguu nitafika wameshamaliza kazi na kuondoka."

Asia alimtazama, akaanza kucheka, akaona wifi yake hacheki, akaacha.

Walichagua Ijumaa, saa ya sala, wanaume wote wako msikitini na uwanja wa mpira hauna mtu. Baiskeli ilikuwa ya Bwana Afya, Philemon, aliyeiacha kwa fundi kutengenezwa breki. Ilikuwa ya kiume, ndefu, nyeusi, na bomba la katikati lililofika juu ya kiuno. Mwamvua alivaa suruali kuukuu ya Omary chini ya gauni, akafunga kanga kichwani mpaka yakabaki macho tu.

"Nishikie tandiko. Usiniachie."

"Nimeshika. Kanyaga. Tazama mbele, usitazame gurudumu!"

Walianguka pamoja mara ya kwanza, na ya pili pia. Mwamvua alichubuka goti na kiwiko, Asia akateguka bega. Ijumaa iliyofuata walirudi. Philemon alipoifuata, Mwamvua alimwambia breki bado zinasumbua. Ijumaa moja, katikati ya uwanja, Mwamvua alisema, "Asia, usiniachie," na sauti iliyomjibu ilitoka mbali sana nyuma yake. Akageuka kuona, akaanguka. Lakini alikuwa amekwisha kupita goli.

Alilala chini pale akitazama mawingu, moyo unamdunda, na kwa muda huo mfupi hakumkumbuka Mwalimu hata kidogo. Baadaye akamkumbuka, akainuka.

Jumamosi aliyoingoja ilipofika, Omary aliondoka na jembe lake. Mwamvua alimwachia Asia mtoto na tyubu zote, akatoa baiskeli ya Philemon kwa mlango wa uani. Alipita nyuma ya soko ili asionekane. Alionekana. Mwenye duka mmoja alisimama na kipimo cha mchele mkononi, na wanawake wawili waliotoka mashineni walikaa chini kabisa na unga wao, wakicheka kwa mshangao. Mwamvua hakugeuza kichwa. Alijua akigeuka ataanguka.

Baada ya nyumba za mwisho njia ilianza kuteremka kati ya mibuni na migomba. Upepo uliingia mikononi mwa gauni. Alikanyaga kwa hasira, na hasira ile ilikuwa na nguvu za ajabu. Mwinuko ambao wanaume walishuka kusukuma yeye aliumaliza juu ya tandiko, akihema, akilitaja jina la mumewe kila pedeli. Alipofika mahali njia mpya ilipoanza, alishangaa. Ilikuwa nyembamba, nyekundu, imesawazishwa vizuri, ukingo wa juu umekatwa wima, wa chini umepandwa majani yashike udongo. Ilizunguka mlima taratibu juu ya matete, na magurudumu yalikwenda yenyewe. Laiti asingekuwa na lililomleta, angeifurahia.

Akakata kona, akawaona.

Watu wa kazi walikuwa wamepumzika. Wengine walilala majanini, wengine walikuwa kijitoni wakinawa. Omary na Mwalimu Veronica walikaa juu ya gogo moja, mihogo ya kuchoma iko kati yao kwenye jani la mgomba. Hawakugusana. Hawakukaribiana hata. Lakini Omary alikuwa anasimulia kitu, mikono hewani, na Mwalimu alicheka mpaka akashika ubavu, na Omary alicheka pia, kichwa nyuma, meno yote nje. Mwamvua aliyajua meno ya mbele ya mumewe. Yale ya nyuma alikuwa hajayaona tangu wachumbiane.

Alikusudia kusimama mbele yao, ashuke kama Mwalimu alivyoshuka siku ile sokoni, bila kuyumba. Lakini njia iliteremka kuelekea kijitoni, na breki za Bwana Afya kweli zilikuwa zinasumbua. Akapita mbele ya gogo lao kama mshale, kanga inapepea. Alimwona Omary anafunga mdomo. Mbele yake kulikuwa na daraja.

Magogo yalikuwa yamelazwa kwa urefu, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa sababu hayo ndiyo waliyoyapata na ndivyo madaraja ya miguu yalivyolazwa siku zote. Gurudumu la mbele liliingia katikati ya magogo mawili likakwama. Mwamvua hakukwama. Alipita juu ya usukani, akaingia kijitoni kwa uso.

Watu walipiga kelele. Aliyefika kwanza majini alikuwa Mwalimu, na viatu vyake, na gauni lake la maua. Alimshika Mwamvua kwapani akamkalisha kwenye jiwe. Omary alifika darajani, na mikono yake, kabla akili haijafika, ilishika gurudumu.

"Rimu!" alisema. "Rimu imekwisha!"

"Fundi," alisema Mwalimu kutoka majini, "mke wako anatoka damu puani."

Hapo ndipo alipoachia gurudumu akaruka. Alipiga magoti kwenye matope mbele ya mkewe, akatoa leso, akaanza kumfuta. "Mama Siti, umekuja na nini? Umekujaje?"

"Nimekuja kuona kinachokuchekesha," alisema Mwamvua, kwa sauti ambayo watu wote waliisikia. "Nyumbani hakipo, nikasema nikakitazame kiliko."

Watu wa kazi walianza kuokota majembe ambayo hayakuhitaji kuokotwa. Mwalimu Veronica alikamua pindo la gauni lake, akakamua tena, ndipo akajibu.

"Dada, mimi hapa sina ndugu wala mtu wa kuongea naye. Kiha sikijui. Mume wako anajua kusimulia, nami nacheka. Hakuna jingine. Lakini ningekuwa wewe, ningekasirika vile vile."

Mwamvua aliyasikia maneno hayo, akajua ni ya kweli, na hayakumsaidia. Uongo angepambana nao.

Mzee Ntirampeba ndiye aliyeyakatiza. Alikuwa amechuchumaa darajani, anapima kwa vidole nafasi iliyomeza gurudumu. "Magogo haya yalale kwa kukingama," alisema. "Marefu mawili chini, mafupi juu, tuyafunge kwa kamba. Angekuwa mtu amebeba mtoto, tungekuwa tunasema mengine sasa." Na mchana ule ule wakayapanga upya, Mwamvua amekaa juani anakauka, baiskeli ya Philemon kando yake na gurudumu lenye umbo la yai.

Walirudi mjini kwa miguu, Omary amebeba baiskeli begani. Walipita mibuni, wakapita migomba. Nyumba za kwanza zilipoonekana alisimama.

"Nani alikushikia tandiko?"

"Nini?"

"Hakuna anayejifunza peke yake. Nani alikushikia tandiko?"

Mwamvua alimtazama. Kwenye uso wa mumewe aliona kitu alichokuwa akikiona kwenye kioo chake kila Jumamosi. Alikitambua mara moja, na kilimpa furaha kubwa kuliko leso, kuliko magoti kwenye matope.

"Mtu," alisema, akatangulia.

Ikawa zamu ya Omary. Aliacha kwenda bondeni. Alikaa barazani anatazama kila mwanamume aliyepita, mikono yake, urefu wake, kama anayeweza kukimbia huku ameshika tandiko. Mwisho mawazo yake yote yalitua kwa Philemon. Baiskeli si yake? Aliiacha kwa nini muda wote ule? Philemon, mtu mpole aliyekuwa akizunguka vijijini kuhimiza vyoo, alikuja kila siku kuuliza gurudumu lake, na kila alipokuja Omary alizidi kuamini.

"Mama Siti hajambo?" Philemon aliuliza siku moja kwa adabu. "Nilisikia aliumia."

Omary alisimama. "Bwana Afya, nikuulize. Wewe unajua kumfundisha mtu baiskeli?"

"Mimi?" Philemon alishangaa. "Mimi mwenyewe nikikuta mteremko nashuka. Wote mnajua."

Waliokuwa barazani walijua, wakacheka. Asia alikuwa mlangoni na wifi yake. Akamwonea kaka yake huruma, akaharibu kila kitu.

"Kaka, ni mimi niliyeshika. Bega langu mpaka leo siinui ndoo."

Omary alikaa chini. Aliicheka nafsi yake, akakunja uso, akacheka tena. Aliyekasirika ni Mwamvua. "Ungeniachia hata wiki moja zaidi," alimwambia Asia uani. "Alikuwa ameanza kunywa uji wake wote."

Omary hakuomba radhi, wala hakuwa mtu wa kuomba. Lakini kutoka rundo la vyuma chakavu nyuma ya nyumba alianza kutoa kitu kimoja kimoja: fremu ya kike iliyovunjika shingo, akaipeleka kuchomelewa, gurudumu la mbele jipya kuliko la nyuma, tandiko lililoshonwa upya. Siku moja baiskeli ilisimama uani imepakwa rangi ya mlango.

Mwamvua aliizunguka. "Wavu uko wapi?"

"Kesho."

Kesho haikufika, kwa kuwa kazi zilikuwa nyingi. Mwamvua akausuka mwenyewe, mafundo ya karibu zaidi kuliko yale ya baiskeli ya Mwalimu, na hilo alilihakikisha kwa kwenda kuyatazama.

Akaanza kuitumia njia ya bondeni. Alipeleka tyubu zilizobandikwa, akarudi na maharage na mawese ya kuuza mtaani. Alikutana na Mwalimu Veronica mara nyingi huko. Walisalimiana, "Dada," "Mwalimu," na hawakuwa marafiki. Penye mwinuko wakikutana wanaelekea upande mmoja, hakuna aliyekubali kushuka kwanza. Walipanda bega kwa bega, wamekaza meno, wanatazama mbele, na wakifika juu kila mmoja alijifanya hahemi.

Mwaka uliofuata Mwalimu alihamishiwa Kitahana, wilaya ya Kibondo. Alipita kuaga. Omary alimkazia nati zote, akaifunga baiskeli vizuri juu ya mizigo ya lori, akampa kiraka na solushini kidogo kwenye kopo. Mwamvua alisimama barazani akingoja moyo utulie. Lori liliondoka, vumbi likashuka, Omary akarudi kwenye benchi lake, sasa wa Mwamvua peke yake, anagonga rimu kama kawaida.

Moyo haukutulia. Mwamvua alijikuta anaifikiria barabara ya Kibondo, ambayo alikuwa hajawahi kuiona: milima yake ikoje, njia zake zikoje, yule mwanamke atazipita vipi, mgongo umenyooka, anapiga kengele mbele ya watu wasiomjua. Alimwonea wivu. Mumewe alikuwa hatua chache kutoka kwake na hakuwamo kabisa katika wivu ule. Hilo lilimshangaza, akaingia ndani kuwasha moto.

Baada ya vita vya Kagera mafuta ya magari yakaadimika. Malori yalilala kwenye vituo, na njia ya bondeni ikajaa baiskeli: ndizi, mihogo, makaa, wagonjwa wamefungwa kwenye keria kwa kanga. Wanakijiji waliipanua mpaka baiskeli mbili zikapishana bila mmoja kushuka. Watu walitoka mbali, hata Rungwe Mpya, kuja kupita pale. Na wanawake sasa walikuwa wengi. Mwamvua hakuwa tena kioja cha mtu.

Asubuhi moja, yeye na Asia wakiwa wamepumzika darajani, msichana mmoja kutoka milimani, jina lake Esteri, aliwapita na mkungu mzima nyuma. Aliachia usukani mikono yote miwili, akajifunga kitambaa kichwani taratibu huku baiskeli inakwenda yenyewe, akashika tena, akapanda mlima.

Mwamvua alimtazama mpaka akapotea kwenye kona.

"Anajidai yule," alisema.

"Anaweza," alisema Asia.

"Sikusema hawezi." Mwamvua alisimama, akapandisha pindo la gauni. "Nishikie tandiko kidogo."